Tromboni ya Kifua Kilichopona

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Miaka ishirini na sita tangu niikimbie Shabunda. Bado naota mto Ulindi. Naamka, naona mabati ya mtaa huu wa Kadutu. Leo nimemaliza dawa za kifua kikuu. Nesi Carine ameagiza nipulize maji ya chupa kwa mrija kila asubuhi, mapafu yapate nguvu. Mrija! Mtu aliyesoma Kilatini! Na parokiani tromboni ya marehemu Lucien, aliyekuwa akiipiga zamani, inakaa bure. Nikamwendea Philémon, mkuu wa fanfari, bendi ya matarumbeta ya parokia. Akacheka: “Muzee, kupanda ngazi inakushinda, pumzi ya tromboni utaitoa wapi?” Mwishowe tukapatana. Jumamosi nishikilie sauti moja wakati yeye anatembea kutoka altare hadi mlangoni. Nikiweza, nitaandamana na fanfari siku ya Kristu Mfalme. Parokia nzima ilikwisha kunizika moyoni. Wanione nikipuliza!

Jumatano, 13
Nyumba ni fupi, tromboni ni ndefu. Nikafungua dirisha. Mkono wa tromboni, ule wa kusukuma na kuvuta, ukatoka nje, ukatua katika sufuria ya kisamvu ya jirani wa chini ya mteremko, Maman Ghislaine. “Papa Delphin, iyo mashini yako iko nakoroga sombe yangu!” Kwa haki, ilikuwa inakoroga vizuri.
Kesho nitafunga kila kitu.

Alhamisi, 14
Sauti imetoka! Ndefu, ya kutetemeka, kama ng'ombe anayezaa. Nikairudia asubuhi nzima. Kufungua mlango: akina mama wa shirika letu la parokia wameketi chini uani, vitambaa vya kichwa wamefungua kama msibani, maharage na mkaa pembeni. Walidhani nimekufa, na mke wangu Euphrasie ananililia! Maman Ghislaine alikuwa anasimulia jinsi nilivyokuwa mtu wa amani. Waliponiona walipiga kelele kuishinda tromboni. Lakini chakula cha kilio hakirudishwi nyumbani, huleta mkosi. Euphrasie akapika. Nimekula kilio changu. Chumvi ilipungua.

Ijumaa, 15
Pumzi yangu ni fupi. Kanisa ni refu. Mpango: Bruno, mpiga tromboni wa fanfari, ajifiche na tromboni yake ndani ya kitubio, kile kibanda cha maungamo, aipokee sauti yangu ikikatika. Nimemhonga maharage yaliyobaki. Philémon hana akili ya kugundua.

Jumamosi, 16
Philémon alitembea kama konokono. Akapiga goti. Akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba! Alipofika benchi la tatu pumzi ilinikwisha, Bruno akapokea. Nikavimbisha mashavu kwa ufundi. Philémon akafika mlangoni, akaniinamia kichwa. Ushindi! Nikashusha tromboni nipokee pongezi.
Sauti ikaendelea.
Nikakohoa. Ikaendelea.
Philémon akafunua pazia la kitubio polepole: “Bruno, iyo zambi iko murefu hivi ni ya nani?”

Jumapili, 17
Philémon amenionea huruma: nibebe bendera mbele ya fanfari. Bendera! Euphrasie anasema nikubali, na nipulize chupa ya Carine. Hawaelewi. Mpango ulikuwa safi; kosa ni pumzi ya Bruno, ndefu kupita kiasi. Parokia ya jirani inatafuta mtu wa tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote. Tuba ni pana, nyuma yake watajificha hata watu wawili. Nimekwisha kujiandikisha. Bruno pia. Kwa Philémon sitarudi.