Kidevu cha Malkia

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Shangazi amesafiri asubuhi. Binti yake mkubwa kajifungua, anakwenda kumtunza wiki tatu. Kondoo kumi na sita tumeachiwa sisi wawili, kila mtu wanane. Mwenzangu ni binamu, mtoto wake wa mwisho. Namwita Daftari, maana hata akipiga chafya anaandika saa.

Kabla ya kuondoka Shangazi alipita zizini. Mikono ile! Anamkamata kondoo kama anaanua nguo kambani. Gumba moja juu, gumba moja chini, kope la chini linafunguka, anatazama rangi ya ndani. Jekundu, mzima. Limepauka, minyoo inamnyonya damu tumboni. Kawamaliza wote kabla sijafunga kamba za viatu. Katuagiza tuwakague hivyo kila wiki, dawa anywe aliyepauka tu, na anywe kipimo kamili. Wasitoke kwenda malishoni kabla umande haujakauka.

Halafu likaja neno lenyewe: atakayemrudishia kondoo wenye kope nyekundu zaidi atapewa Malkia, jike lake bora, mwenye mimba ya mapacha. Malkia yuko kwenye wanane wangu. Nusu ya kazi imekwisha.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimeamka na akili mpya. Kwa nini nisubiri mtu apauke? Nawanywesha wote leo, minyoo inakufa kabla haijajua kuna vita. Tatizo moja: chupa yangu inatosha kondoo wanne. Shule niliikimbia kwenye hesabu za kugawanya, lakini hii nimeigawanya kichwani papo hapo. Nusu nusu! Nusu ya dawa inaua nusu ya minyoo, inayobaki inakimbia kwa woga.

Daftari aliniona, akasema dawa pungufu haiui minyoo, inaizoesha tu. Nikamwambia minyoo si watoto wa chekechea, haizoeshwi kitu. Kaandika.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Mpango wa pili. Daftari anangoja umande ukauke, saa nne ndiyo kwanza anafungua lango. Mimi saa kumi na mbili na nusu niko bondeni. Nyasi fupi, laini, zinameta maji. Wangu wanakula hadi wanasahau kulia.

Nikirudi nimempungia mkono. Hakupunga. Alikuwa anamkagua kondoo macho, ulimi nje kwa umakini. Niseme kweli, kwa kuwa humu hasomi mtu: binti yule anashika haraka. Gumba lake linakwenda kama la mama yake. Inaudhi sana.

Jumapili, tarehe 16 Machi
Ushindi! Malkia kanenepa kidevu. Chini ya taya kumetoka mfuko laini, unabonyea, kama wa mfanyabiashara mkubwa. Kondoo wa Daftari wote wana videvu vya kimaskini. Nimemwita mwenye duka aje ashuhudie. Kasema hajawahi kuona kondoo mwenye heshima namna ile.

Kope sijakagua. Mtu aliyenenepa usoni unamfunua macho ya nini?

Jumamosi, tarehe 22 Machi
Malkia hali chochote. Kalala tangu asubuhi, wenzake wakitoka anawatazama tu.

Daftari kaja bila kuitwa. Kapiga magoti, kafungua kope. Jeupe kama karatasi. Kabonyeza kidevu, akasema si mafuta, ni maji. Mnyama akiishiwa damu maji hujikusanya pale. Nikamwambia ana wivu. Kaleta ndoo ya maji, kaisogeza mdomoni kwa Malkia, kisha kampigia mama yake simu.

Mimi nilibaki nimemshika Malkia kichwa. Kizito. Hapa sitii chumvi.

Jumapili, tarehe 23 Machi
Shangazi kaja na gari la kwanza, kaingia zizini na viatu vya safari. Hakuuliza nani. Alimtazama Malkia, akanitazama mimi, akaomba utepe. Kampima kifua, kajua uzito, kavuta dawa kwenye bomba la kunyweshea hadi kwenye mstari wenyewe. Dawa nyingine hii, kaipitia kwa daktari wa mifugo, maana ile yangu minyoo imeshaidharau. Kashika taya, kichwa usawa, kisiinuliwe, dawa isije ikaingia mapafuni. Bomba likapita pembeni mwa mdomo hadi nyuma ya ulimi. Malkia kameza. Halikudondoka hata tone! Namvulia kofia, ingawa sina.

Ndipo akasema, taratibu: "Baba, ulikuwa unamuua."

Nikasema nilitaka wote wawe wazima.

"Najua, mwanangu. Lakini minyoo haifi kwa nia njema."

Akanieleza. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi. Yakianguliwa, vinyoo hupanda juu ya nyasi mbichi pamoja na umande, na kondoo wa asubuhi anavimeza. Kumbe kila siku nilikuwa nawapeleka mezani, wa kwanza kwenye foleni.

Jumatano, tarehe 26 Machi
Malkia kasimama! Mwenyewe! Nilikuwa peke yangu naye, nikapiga kelele hadi Daftari akaja mbio na kalamu sikioni. Kidevu kimepungua. Kope limeanza kupata wekundu, na Shangazi kauweka mkono wangu tumboni mwa Malkia. Mapacha wanapiga mateke.

Matokeo pia. Wanane wa Daftari wako safi, na waliokunywa dawa ni wawili tu. Malkia ni wake. Nilidhani mama anambeba mwanawe, nikaomba kukagua mwenyewe. Kope nyekundu kama nyanya, zote. Nikasema hongera. Na hilo kaliandika.

Mimi nimepewa kinyesi. Nikizoe zizini kila siku, nikitupe kwenye shimo la nyuma, nikifunike. Shangazi kanionyesha na kipande cha malisho kule mlimani alichokizungushia uzio. Hakijakanyagwa na kondoo msimu mzima, kimetunzwa kisafi kwa ajili ya Malkia akizaa.

Ijumaa, tarehe 28 Machi
Nimepanda kukiangalia kile kipande. Nyasi zina rangi ya njaa! Maskini Shangazi, kwa macho ya kondoo hana mpinzani, lakini udongo haujui kabisa. Na shimo la nyuma linakula mbolea bure.

Basi leo, Shangazi na Daftari walipokwenda sokoni, nimepandisha matoroli saba ya kinyesi kibichi, nikakitawanya kote hadi kwenye kona za uzio. Mgongo unaniuma kwa fahari. Kesho saba mengine. Sijamwambia mtu. Siku Shangazi atakayompeleka Malkia na wanawe kule juu, ndipo atakapojua mtoto wa kaka yake ana kichwa cha namna gani.