Shampuu Isiyowasha Macho

Jumatatu, 4 Machi

Leo historia imeandikwa jikoni kwangu. Shampuu ya watoto isiyowasha macho! Rangi ni ya waridi. Harufu nitairekebisha. Mama Saluni wa pale kona amechoka na vilio vya watoto, kwa hiyo Jumamosi ataijaribu machoni mwake mwenyewe. Isipomwasha, ataiweka kwenye rafu ya beseni lake. Mke wangu naye ameweka sharti, bila kuombwa: nikishindwa, Jumatatu ijayo naenda kubeba katoni ghalani kwa kaka yake. Yaani shemeji awe bosi wangu. Shemeji, muuza shampuu za viwandani, anayeniita "mwanasayansi" huku akitazama viatu vyangu. Afadhali nife njaa. (Nimekula sahani mbili kabla ya kuandika haya.)

Nimempigia fundi wa lebo, nikamtajia maneno: SHAMPUU YA WATOTO. HAIWASHI. Mashine yake ilikuwa inanguruma, lakini alisema amenipata.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya majaribio. Mimi sijijaribu, macho ya mvumbuzi ni ya kutunzwa. Mke alikubali tone moja, mradi nimwache amalize kukata vitunguu. Akalia. Nimeandika: matokeo hayaeleweki, vitunguu vimeingilia. Mengine aliyosema hayahusiani na sayansi.

Nikaenda kwa jirani, fundi wa kuchomelea vyuma, muungwana sana. Macho yalikuwa mekundu kabla, yakawa mekundu baadaye. Alisema hajahisi tofauti yoyote. Asilimia mia! Mke anasema huyo hata ukimtia pilipili atakuuliza kama umeanza. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Machi

Lebo zimefika. SHAMPUU YA WATOTO. HAIOSHI. Zote, kwa herufi za dhahabu. Fundi anasema ndivyo alivyosikia, na kuchapa upya ni mpaka wiki ijayo. Nilimgombeza mpaka koo likakauka, kwamba neno ni WASHA, si OSHA. Shemeji alipita, akaisoma, akashika mlango asianguke. Alisema hajawahi kuona mfanyabiashara mkweli namna hii. Nimezibandika hivyo hivyo. Watu hawasomi chupa.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, kweli hakuisoma. Aliikuta bafuni. Alitoka akipapasa ukuta, akimwita marehemu mumewe. Nilimkimbizia maji, nikampa pole, nikasema huenda ni vumbi. Alijibu kwamba vumbi la nyumba hii ni mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Mke amenisimamia jikoni. Ama nijitie mwenyewe, ama anamwaga ndoo nzima ya shampuu. Nikajitia tone. Nilikiona cha mtema kuni, na nilikiona kwa jicho moja tu.

Nilipopata nafuu nikaongeza maji. Ikawasha. Nikaongeza tena. Ikawasha. Kufika jioni ndoo moja imekuwa ndoo nne, jicho limefura kana kwamba limeumwa na nyuki, na tone la mwisho halikuwasha hata chembe. Subira huvuta heri!

Mke alinikanda jicho kwa kitambaa cha maji. Akasema anaomba nishinde, maana hapendi kuniona nikimnyenyekea kaka yake. Nilijisikia vibaya kwa yote niliyomfanyia wiki hii. Nikaenda kubandika lebo kwenye chupa mpya.

Jumamosi, 9 Machi

Saluni imejaa wateja. Mama Saluni akainama kwenye beseni, macho wazi, nywele zina mafuta ya wiki nzima. Nikammiminia. Hakupepesa hata kope. Akasema haiwashi, kweli kabisa haiwashi. Nilitaka kulia kwa furaha, lakini jicho moja bado halifanyi kazi.

Kisha akauliza povu liko wapi. Akasugua. Akasuuza. Akasugua tena. Mafuta yalikuwa pale pale, yanameta. Akaichukua chupa, akaisomea saluni nzima: haioshi. Akasema hana haki ya kunilaumu, nilimwonya mapema. Rafu amempa shemeji, ambaye kumbe alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukaushia nywele tangu asubuhi, anasubiri tu.

Mke aliposikia hakunicheka. Ingekuwa afadhali angenicheka.

Jumatatu, 11 Machi

Ghalani. Shemeji amenipa koti la kazi lenye jina la mtu aliyeacha kazi. Ananiita "mwanasayansi" mbele ya wapakiaji. Katoni ni nzito na nimeumia moyoni, sitaficha.

Lakini wakati wa mapumziko likanijia wazo. Nyumbani nina ndoo nne za kitu kisichowasha macho. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilikipeleka kwenye nywele! Kile ni maji ya kuoshea macho. Humu ghalani wote tuna vumbi la katoni machoni, na anayepikicha kuliko wote ni shemeji. Chupa ya kwanza nitampa yeye, kwa upendo wa kifamilia.

Nimempigia fundi wa lebo papo hapo, nikamtajia taratibu: MAJI YA MACHO. YANAOSHA. Mashine ilinguruma. Akanikatiza, akasema nisihangaike, somo la Alhamisi limemwingia, anajua kwamba neno langu ni WASHA, si OSHA. Shemeji alikuwa ananiita, sikutafakari. Nimemwambia sawa, azichape zote.