Vielezi vya Kumzuia Mama Watoto

Jumatatu, 3 Juni

Mama Watoto anafunga safari. Jumamosi alfajiri anakwenda kumuuguza dada yake aliyepasuliwa jicho. Huenda akakaa mwezi! Na mimi miguu imeshakuwa uzi. Nakiri hapa nisichoweza kukiri kwa mdomo: naogopa nitakata roho yeye hayupo. Nimwambie hivyo? Mzee mzima? Hapana. Nitatumia Kiingereza. Nilikuwa mkalimani wa mahakama, najua kazi yake. Wakili akisema mteja wake alipigwa, hakimu hupiga miayo. Akisema alipigwa excessively, hakimu huvua miwani.

Nikamwambia Mama Watoto kuwa naumwa excessively. Akasema haya, nimalize chai kwanza.

Jumanne, 4 Juni

Excessively lilikuwa dogo. Leo nimepanda: udhaifu exceedingly, kizunguzungu unbearably. Mama Watoto alikuwa anakunja magauni. Akauliza hiyo exceedingly ni mfupa wa wapi. Akanikumbusha kuwa jana naumwa hivyo hivyo nilimaliza sahani yangu, na ya kwake nikaisaidia.

Mwanamke huyu hana huruma. Anapendeza akikunja nguo, lakini hana huruma.

Jumatano, 5 Juni

Binti yetu muuguzi amekuja kunipima. Akauliza maumivu ni kiasi gani, kutoka moja hadi kumi. Nikasema overwhelmingly. Akasema, Baba, taja namba. Nikasema namba hazitoshi. Akaingiwa na hofu, akampigia daktari. Ushindi!

Ushindi gani? Daktari amekataza chumvi, sukari, na magazeti, eti yananipandisha presha. Na Mama Watoto amefurahi. Anasema sasa niko mikononi mwa daktari, ataondoka na moyo mweupe. Nimejichimbia kaburi, tena nikalisawazisha kingo.

Alhamisi, 6 Juni

Jirani yetu fundi cherehani kaja na mkongojo wake. Mzee mwenzangu, mshindani wangu katika kuugua. Mtu huyu hana kielezi hata kimoja! Akiulizwa hali, anasema, “Nipo tu, shemeji,” halafu anatazama sakafu. Basi! Mama Watoto akalengwa na machozi, akamkaangia mayai. Yenye chumvi! Mbele yangu!

Alipoondoka nikasema anajidekeza ridiculously. Mama Watoto akasema heri yule anayeugua Kiswahili.

Ijumaa, 7 Juni

Begi mlangoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya mwisho: dreadfully, terribly, immeasurably. Mama Watoto akaingia na kamkasi kunikata kucha, asije akaniacha na makucha ya mwewe. Akainama. Nikaiona ile njia nyeupe katikati ya nywele zake. Vielezi vyote vikanitoroka kama mashahidi wa kununuliwa! Likatoka lililotoka: naogopa kufa na wewe hupo.

Mkasi ukasimama. Akauliza mbona sikusema tangu Jumatatu. Nikamwambia nimesema wiki nzima. Akasema wiki nzima nilikuwa nasema na hakimu, yeye hakuitwa. Akanipiga kikofi begani, akaniita mzee mjinga, akaendelea na mkono wa pili huku anavuta kamasi. Kucha moja imekatwa upande. Sikulalamika.

Kisha akampigia dada yake simu. Atakuja yeye, auguzwe hapa. Begi limefunguliwa.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji kafika. Jicho limefungwa bandeji, kinywa kiko wazi. Anasikiliza redio mpaka vijiko vinacheza kabatini, na anaijibu.

Nakiri kuwa maneno manyofu yalifanya kazi Ijumaa. Yalifanya kazi overwhelmingly. Lakini kumhamishia shemeji kwa binti yetu ni kesi nzito, inataka utaalamu. Nikamwita Mama Watoto, nikamwambia hewa ya nyumba hii imekuwa nzito intolerably, labda kwa sababu ya wingi wa watu. Nikamwachia aelewe mwenyewe.

Kaniamini! Kwa mara ya kwanza katika ndoa hii, kielezi changu kimeaminiwa! Akanigusa kipaji cha uso, akasema pole, mume wangu. Akakusanya shuka lake, akahamia chumba cha dada yake ili mimi nipate hewa.

Nawasikia wanacheka ng'ambo ya ukuta. Kitanda ni kipana kupita maana.

Kesho nitasema kuna baridi. Excruciatingly.