Mkuki wa Papa Kasereka na Mfuko wa Mahindi

Tueni ndoo zenu, enyi mnaotoka kisimani. Shika breki, ewe mwenye baiskeli ya kubeba watu. Na ninyi mnaobishania bei ya majani ya sombe huko sokoni Mikelenge, nyamazeni kidogo, kwa maana nawaletea habari ya vita ambavyo hamkusikia ngoma yake wala baruti yake wala kilio cha mjane yeyote, isipokuwa mimi, nami nilikuwa mjane tangu zamani. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aonaye tundu la sindano katika usiku wa giza, naomba ulimi ulionyooka, nisije nikamzidishia shujaa wetu sifa hata moja. Alizo nazo amekwisha kujizidishia mwenyewe.

Shujaa huyo ni Kasereka, Simba wa Maduka Mawili, Baba wa Lori Lisilolala ila siku linapoharibika, Mtikisa Mizani, Mkohozi wa Alfajiri, aliyeshuka kutoka Butembo vita vilipokwisha akiwa na nguo mbili na akili ya biashara, na leo mpunga wote utokao Pangi haufiki chunguni mwa mtu wa Kindu kabla haujapita mkononi mwake. Wafalme wa zamani walikuwa na panga za kurithi. Kasereka alikuwa na sonde. Ni chuma chembamba chenye ncha, kitupu ndani kama mfupa wa kuku, ambacho wanunuzi wa mpunga hulichoma nacho gunia ili punje chache zitiririke kiganjani, wazione kama zimekauka au zimelowa, kama ni mpunga au ni mawe. Wafanyabiashara wa hapa wana sheria yao: gunia ambalo hujalichoma bado si lako. Basi Kasereka aliivaa sonde hiyo mfukoni mwa shati, kama mwalimu avaavyo kalamu, na mkono wake ulikuwa ukiipapasa hata kanisani kwao wakati wa sala ya kimya. Kyakimwa, mkewe, ndiye aliyeniambia.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kikipiganiwa, msije mkadhani ni ufalme. Kiwanja alichofugia shujaa ng'ombe wake kilikuwa cha marehemu mume wangu Waziri, na badala ya kodi nilipewa mtamba mmoja, nikamwita Shukurani. Kiangazi kilichopita, nyasi zilipogeuka kuwa fagio, maziwa yakamkauka, na ndama wake wa kwanza akafa akinyonya upepo. Mwaka huu alikuwa na mimba tena. Sina shamba lingine, sina ng'ombe mwingine, na umri wa kungojea ndama wa tatu sina hakika nao.

Ndipo likaja shauri la Félicien, daktari wa mifugo, kijana wa pikipiki moja na maneno machache. Na kutoka Goma, juu ya lile Lori, ukaja mfuko wa plastiki, mweupe nje, mweusi ndani, mrefu kama pirogi tatu za mtoni zilizofuatana mkia kwa kichwa.

"Munakata mahindi ikiwa bado mubichi," alisema Félicien, "punje ikiwa kama maziwa mazito. Munaikata-kata kidogo-kidogo, munajaza, munakanyaga mupaka hewa yote inatoka, munafunga. Kisha munaiacha mupaka kiangazi, ngombe ikule. Hewa njo adui. Hata tundu ya sindano, itaoza."

Hapo Kasereka akapanda juu ya bidoni, dumu la mafuta ya lori, akatandaza mikono kama anayegawanya bahari, akahutubia majeshi yake, yaani wanawake wa jirani na vijana wawili wa kupakua lori.

"Bamama! Bandugu! Kiangazi ilikula ngombe ya babu, ikakula ngombe ya baba, lakini ya Kasereka haitakula! Mimi nilivuka barabara ya Kasongo wakati wa mvua! Mimi sikuogopa matope, nitaogopa hewa?"

"Shuka, bidoni iko ya mafuta," alisema Kyakimwa. "Itapasuka."

Akashuka, na vita vikaanza. Ilinguruma mashine ya kukatia, ikakohoa, ikatema majani mabichi kama chui anayetapika manyoya. Nasi wanawake tukaingia ndani ya mfuko ule kama walioingia tumboni mwa chatu, tukakanyaga kwa miguu mitupu, tukiimba, jasho likitiririka, mahindi yakitupanda hadi magotini na kushuka tena yaliposhindiliwa. Na Simba wa Maduka Mawili? Alipigana kwa kidole. Ameketi juu ya kiti cha plastiki, chini ya mwavuli, akionyesha hapa, akionyesha pale, na mahali alipoonyesha ndipo tulipokuwa tumekwisha kukanyaga. Jeraha lake lilikuwa moja: jani la mahindi lilimkata gumbani aliposogea kutazama, naye alilifunga kitambaa, akalionyesha dukani mpaka kovu lenyewe likachoka.

Jua lilipoinama, tukafunga vinywa vya mfuko kwa vipande vya mpira wa gurudumu, tukaomba dua, mimi kwa dini yangu na wao kwa dini yao. Mfuko ukalala pale, mnene, umenyamaza, umekaza ngozi. Nikasema moyoni: Alhamdulillahi, sasa kazi iliyobaki ni ya kutofanya kitu, na hiyo, hakika, hata Kasereka ataiweza.

Nilikosea, enyi wasikilizaji. Hakuna kazi iliyowahi kumshinda mtu huyu kama hiyo.

Mimi hupita penye kile kiwanja kila nikimaliza sala ya alfajiri. Asubuhi moja nikamkuta shujaa amepiga magoti mbele ya mfuko, na kwanza nilifurahi nikidhani anaomba. Kisha nikasikia *fyuu*, pumzi ndogo ikitoka, na sonde ilikuwa ndani ya plastiki hadi nusu yake.

"Papa Kasereka, unafanya nini?"

"Niko naangalia mali yangu, Mama Salama."

"Félicien alisema hewa njo adui."

"Félicien alisoma ngombe. Mimi nilisoma gunia. Gunia haijui kama ndani iko mupunga ao mahindi. Gunia ni gunia."

"Na tundu?"

"Tundu kidogo vile! Hata mubu hapiti."

"Mubu hatapita, Papa. Lakini hewa haijaombaka mulango mukubwa."

Akacheka, akanusa zile punje, akatangaza kwamba zinaendelea vizuri. Na kesho yake akarudi. Kila mgeni aliyefika aliletwa kuuona mfuko, na kila mgeni alichomewa, kwa heshima, kama mwingine anavyokaribishwa kahawa. Ikawa kichwa cha mfuko kimejaa alama kama kifua cha mgonjwa aliyepita kwa waganga wote wa mto huu na mto ule. Nikaweka kiganja changu juu yake: una joto, kama mtoto wa malaria. Nikamtumia Félicien salamu, nikamwambia aje na si kesho.

Alipofungua kichwa cha mfuko, tulirudi nyuma sote. Mahindi yalikuwa meusi, yameota ndevu nyeupe za ukungu, na harufu yake ilikuwa ya nyumba iliyofungwa na wenyewe wakakimbia.

"Nani alichoma?" aliuliza Félicien.

Simba akatazama kuku. "Inaweza kuwa panya."

"Panya ya Kindu iko na jino moja tu, tena ya mviringo?"

Kyakimwa alicheka mpaka akashika uzio. Félicien hakucheka. Alikikata kichwa kile kilichooza chote, tukakizika shimoni, akaifunga shingo mpya. Matundu yaliyobaki akayaziba kwa viraka vya fundi wa baiskeli, kimoja-kimoja, kwa gundi. Kisha akafuta mikono na kumtazama mwenye mali.

"Kama munaongeza tundu moja tena, ile ukungu inarudi. Ngombe ya Mama Salama ikiikula, mimba itatoka. Mumesikia?"

Kasereka akaapa kwa kaburi la mama yake, kisha akaapa kwa Lori. Na nilitambua kwamba kwa Lori aliapa polepole zaidi, kwa kuwa hilo ndilo aliloliogopa kweli.

Basi zikapita siku za amani, na kama kusingekuwa na Donatien, pengine habari hii isingekuwa na cha kusimuliwa. Donatien hununua dhahabu kwa wachimbaji wa Kampene, mtu wa viatu vyenye ncha na kicheko cha kukodi. Alifika na rafiki zake, mimi na Kyakimwa tumeketi kando ya uzio, akauzunguka mfuko, akaupiga teke dogo.

"Patron, ndani iko nini?"

"Mahindi ya ngombe."

"Ulichoma?"

"Hapana."

"Eh! Muntu mukubwa vile, gunia haujachoma? Basi ile haiko yako. Iko ya nani? Ya bibi yako?"

Rafiki zake wakacheka. Nikauona mkono wa Kasereka ukipanda, polepole, kama nyoka asikiaye filimbi, ukaingia mfukoni mwa shati, ukatoka na chuma. Akapiga hatua. Akaiweka ncha juu ya plastiki, na plastiki ikabonyea.

Hapa nitawaomba msinicheke kidogo, mtacheka tena baadaye. Katika miaka ya vita, mji huu ulipokuwa umezingirwa na chumvi ilikuwa kitu cha kusimuliwa, wenye silaha waliingia nyumbani kwetu wakitafuta wanaume. Waziri alikuwa amejificha katikati ya magunia ya mpunga, la mwisho juu yake. Wakayachoma magunia kwa visu vya bunduki, moja baada ya jingine, nami nimesimama ukutani nikiwatazama mikono. Sauti ya chuma kikiingia guniani ninaijua. Kimoja kilipita mpunga, kikamfikia pajani. Hakulia. Na kilipotoka, zile punje zilikipangusa damu, nao wakakitazama, wakakiona kisafi, wakaenda zao. Aliishi, akichechemea, mtaa mzima ukimwona, mpaka Mola alipomwita akiwa kitandani mwake.

Kwa hiyo niliinuka, tasbihi mkononi, nikaenda nikaketi juu ya mfuko, karibu na ile ncha.

"Papa Kasereka," nikamwambia. "Waziri alichomwa ndani ya mupunga na hakulia. Wewe hakuna mwenye anakuchoma, ni kicheko tu, na bado unalia."

Kicheko cha Donatien kilikatika kama taa ya jenereta. Shujaa alisimama. Enyi mliosoma habari za majemadari, mliwahi kusikia pambano kama lile? Jasho lilimtoka kwenye kipaji likashuka hadi puani, likaning'inia. Mkono wa kulia ulisukuma, na mkono wa kushoto, ulioshika kifundo cha ule wa kulia, ulivuta. Na katikati ya majeshi hayo mawili ya mwili mmoja, plastiki ilikuwa imebonyea kiasi cha dengu, haipasuki, haipumziki.

"Baba ya batoto," alisema Kyakimwa kwa sauti ya chini kabisa, "choma tu. Lakini leo magharibi utakula ile mahindi kwenye sahani, na kijiko."

Mkono wa kushoto ukashinda.

"Chukua, Mama," akasema, akanipa sonde bila kunitazama. "Utanirudishia kiangazi ikiisha."

Nikaifunga kwenye kanga, bila kuahidi. Ahadi ambayo hukuitoa haikudai.

Kisha yakaja mateso yake, ambayo nayo lazima yaandikwe. Alichoma mikate kwa kidole. Alichoma godoro. Alimwendea fundi wa vyuma amtengenezee sonde nyingine, akakuta Kyakimwa amekwisha kupita kwa fundi. Watu wa Pangi walipoleta mpunga, aliuchota kwa mkono juu-juu kama mnunuzi wa kikombe kimoja, na wakamwuzia gunia lililolowa katikati, na Kindu yote ikajua, hata wasiokula wali. Lakini kwenye ule mfuko hakurudi. Alipita mbali, kichwa amekigeuza, kama mtu anayepita nyumba ya aliyemposa akamkataa.

Kiangazi kikafika na fagio zake. Tukafungua shingo ya mfuko, na Félicien akatia mkono, akautoa umejaa majani ya rangi ya zeituni, yenye harufu kali na tamu, kama nanasi lililosahauliwa chunguni. Shukurani alinyoosha ulimi, akala, akanitazama, akala tena. Na nyasi zilipokuwa zimekwisha kabisa, alizaa ndama jike, aliyesimama kabla sijamaliza dua, akaenda moja kwa moja kwenye chuchu, na humo hakukuta upepo.

Kasereka alipanda juu ya bidoni. Alisema yeye ndiye aliyeishinda hewa. Alisema Butembo watasikia, na Goma watasikia. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa kulikuwa na mbuzi jikoni. Aliposhuka akanijia, mkono tayari umeelekea mfukoni kwa mazoea, na mfuko wa shati ukiwa mtupu.

"Mama Salama, sonde yangu."

"Iko kazini, Papa."

Akaitazama nilipoonyesha. Nimeipitisha kwenye pete mbili za mlango wa kizimba cha ndama. Inaingia barabara, haitikisiki, na usiku hakuna mbwa anayefungua. Akaugusa mlango kuona kama umekaza. Umekaza. Akaenda kula mbuzi.

Basi mwenye wino na aandike, na asiye na wino akariri. Wapiga ngoma wa Mikelenge na wairudie mpaka ng'ambo ya mto: kwamba katika mji wa Kindu, mbele ya mashahidi, mwanamume mzima aliuona mfuko uliojaa, akiwa na chuma mkononi, naye hakuuchoma.