Kura Arobaini na Tatu za Mheshimiwa Kaimenyi

Jumatatu, 10 Machi

Nimetoka kortini. Miguu imevimba, mgongo sina. Lakini moyo umejaa!

Leo ilikuwa zamu ya Lorna kutoa ushahidi. Lorna ni mke wa kaka yangu Mugendi. Wanasema marehemu baba aliwaachia watoto wake shamba hili la Karurumo, na mtoto ni Mugendi peke yake. Mimi ni msichana, nikaolewe. Miaka mitatu tunavutana. Sasa Lorna yuko kizimbani, analia bila machozi, mara Nyamu wangu akapiga yowe. Ana miezi saba, meno yanatoka, na njaa yake haijui korti. Askari akaniambia nitoke nje. Hakimu wetu, Mheshimiwa Kaimenyi, akaweka kalamu chini. Akasema mtoto huyu hana kesi hapa, ana njaa tu, anyonye kwanza. Korti nzima ikangoja! Lorna amesimama mdomo wazi. Nyamu akanyonya pande zote mbili, bila haraka.

Hukumu ni Alhamisi wiki ijayo.

Nikitoka nikamsikia karani Mwaniki akimwambia wakili mmoja kwamba Mheshimiwa amesimama uchaguzi. Anataka kuwa mwakilishi wa mahakimu huko Nairobi. Kura ni Jumanne ijayo. Eti alianza kama mwalimu wa shule ya msingi, akasomea sheria akilea, akatumwa korti za mbali huko kwenye jua, ndipo akaletwa kwetu. Mtu kama huyo akose kura na mimi niko hai?

Jumanne, 11 Machi

Kampeni imeanza. Niliishia kidato cha pili, lakini kampeni naijua. Diwani wetu nilimwimbia mpaka sauti ikapotea. Nimepitia akina mama wa chama chetu cha akiba, watu wa bodaboda, na foleni yote ya kiwanda cha kahawa. Kura ishirini na sita! Nimeandika majina na namba za vitambulisho. Daftari sina. Nimeandika nyuma ya kitabu cha kliniki cha Nyamu.

Jumatano, 12 Machi

Wimbo umepatikana. Niliutunga nikifua nepi: Kaimenyi mama yetu, kalamu chini mtoto anyonye. Akina mama walipiga makofi mpaka kuku wakakimbia.

Kliniki, nesi alifungua kitabu akauliza hawa watu ishirini na sita ni baba wa mtoto ama ni nani. Nikamwandikisha yeye pia.

Jioni tukiimba Lorna akapita. Ndiye anayeongoza kwaya kanisani, na wimbo ambao haukutoka kinywani mwake humuuma jino. Akasimama, akatoa simu, akaielekeza kwangu. Kumbe anaupenda! Nikaongeza sauti.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya soko. Mzee mmoja aliniuliza huyu Kaimenyi ni wa chama gani. Nikamwambia chama cha watoto kunyonya. Akasema hicho angalau kinaeleweka. Kura arobaini na tatu!

Halafu Mwaniki akatokea, amebeba mkungu wa ndizi. Akanivuta nyuma ya magunia ya mahindi. "Mama Nyamu, unataka kutumaliza?" Akasema wanaopiga kura ni mahakimu tu. Si mimi, si bodaboda, si nesi. Yeye mwenyewe, miaka kumi na tisa akibeba mafaili, hana kura. Tena akasema mtu mwenye kesi mbele ya hakimu hamfanyii hakimu huyo kampeni. Upande wa pili ukilalamika, Mheshimiwa anaweza kujiondoa, faili liende kwa hakimu mwingine, tuanze upya kuanzia cheti cha kifo cha baba.

Upya! Nyamu ataolewa na kesi bado. Yaani ataoa. Sijui ninaandika nini.

Na Lorna ana wimbo kwenye simu.

Jumamosi, 15 Machi

Sikulala. Lakini nimepata dawa. Ukutani kortini kuna picha ya mizani. Nimeweka uzito upande mmoja, si niweke na upande wa pili? Zikilingana, nani atalalamika? Nashangaa mimi si wakili.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nilisimama kwenye ngazi nikatangaza: msimpe Kaimenyi kura hata moja! Mama Regina, mwenyekiti wa chama chetu, akauliza Lorna amenihonga na nini, blauzi? Nikasema hapana, hakimu ni mwema, mwema kabisa, ndiyo sababu msimchague. Mzee wa sokoni akasema chama cha watoto kunyonya kimevunjika mapema kuliko vyote anavyokumbuka.

Lorna alirekodi hiyo nayo.

Jumanne, 18 Machi

Mahakimu wanapiga kura. Mimi napalilia kahawa. Kila pikipiki ikipita naruka. Jino la Nyamu limetoka leo, dogo, jeupe. Asante Mungu kwa jino.

Alhamisi, 20 Machi

Mugendi alipeleka malalamiko, akitaka Mheshimiwa ajiondoe, na rekodi zote mbili! Mheshimiwa akasema amezisikiliza. Katika ya kwanza mlalamikiwa anamwombea kura. Katika ya pili anamnyima. Wote walioombwa hawana kura. Basi haoni aliyesaidiwa wala aliyeumizwa, isipokuwa wimbo wenyewe. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono miwili. Akamwambia Mugendi kwamba hukumu aliiandika na kuisaini Jumatatu ile ile ya ushahidi wa Lorna, kabla mtu hajaimba. Ombi limekataliwa.

Akasoma. Watoto wa marehemu ni watoto wa marehemu, wa kike na wa kiume. Sehemu ya chini, yenye kahawa na nyumba ya marehemu mama, ni yangu.

Yangu!

Nililia, Nyamu akalia, askari akatazama dari. Mheshimiwa akanitazama juu ya miwani. Akasema, Mama Nyamu, kaka yako ana siku thelathini za kukata rufani. Usimpe sababu. Kama una shukrani, kalime, na ushukuru kimyakimya. Nikasema ndiyo, Mheshimiwa. Nilimaanisha kutoka moyoni.

Lorna nje akasema hata hivyo ninaimba kwa pua. Nilimpa maji, maana alikuwa amechoka, na safari ya nyumbani ni moja.

Ijumaa, 21 Machi

Nimelima. Kimya. Tangu saa moja hadi saa nne nimeshukuru bila kutoa sauti.

Saa nne Mwaniki akapita, ametoka sokoni na ndizi. Mheshimiwa alishindwa kwa kura mbili tu! Mbili! Na mimi nilikuwa na arobaini na tatu zimekaa bure kwenye kitabu cha kliniki. Lakini hakuvunjika moyo, Mwaniki akasema. Ameomba kupanda awe jaji. Atahojiwa mwezi ujao, siku ya ishirini tangu hukumu, muda wa rufani ukiwa bado. Na kabla ya mahojiano wananchi wanakaribishwa kutuma maoni.

Wananchi! Mimi si ni mwananchi?

Mwaniki alipoona uso wangu akaanza kukimbia na ndizi zake. Nikampigia Mama Regina. Ameshasamehe. Akina mama wanakuja kesho na ngoma.

Hapana. Mheshimiwa alisema kimyakimya, na mimi ni mtu wa kusikia. Nimempigia tena. Waje bila ngoma.