Asante kwa Mchango Wako

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudishwa darasani. Mimi! Rubani wa saa elfu kumi na moja angani. Niliyeanza kwa kuosha matairi ya ndege za watu, nikajisomesha urubani kwa kutengeneza redio mbovu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo naambiwa sijui kushirikiana na wenzangu.

Kisa chenyewe: kampuni inaleta ndege mpya. Mkuu wa marubani kasema hakuna atakayekalia kiti cha kapteni bila kupata alama themanini katika mafunzo ya kazi ya pamoja. Nikamuuliza ndege inarushwa kwa mikono au kwa mapenzi. Akaniambia, nenda tu, kaka, usinitafutie maneno. Sawa. Kiti kile ni changu, hata kama itabidi nikifuate kwa magoti.

Na mkufunzi ni nani? Yule dada aliyekuwa mhudumu wa abiria kwangu, niliyemrudishia chai mara mbili kwa kuwa imepoa! Tayari wamembandika jina: Mama Sikilizaneni. Katukalisha duara, marubani, wahudumu na mafundi, ili pasiwe na mkubwa. Nikavuta kiti changu nyuma kidogo. Duara likapata kichwa.

Jumanne, 5 Machi

Zoezi la kujenga mnara wa makaratasi, watu watano kila kundi. Niliujenga peke yangu. Wenzangu niliwapa kazi ya kukaa mbali. Mnara wetu ulitoka sentimita 142, nilipima kwa rula. Wa Kapteni Manukato, yule anayejipulizia marashi hadi abiria wa kiti cha mwisho wanapiga chafya, ulikuwa 96, tena umeinama kama mgonjwa. Yeye kapata alama tisini na moja. Mimi kumi na mbili!

Nikamwambia mkufunzi hesabu yake haipandi wala haishuki. Akajibu kwamba hakupima mnara, alipima nani kasema na nani kasikilizwa. Eti mhudumu mmoja alininyooshea mkono mara nne kunijulisha gundi inakwisha. Kweli ilikwisha. Nikamalizia kwa plasta za vidonda. Kwangu hiyo ni akili. Kwao ni ukaidi.

Nimepiga hesabu. Mnara unabeba sehemu moja kati ya tano za alama, zilizobaki ni mtihani wa keshokutwa ndani ya ndege bandia. Ili nifike themanini natakiwa nipate tisini na saba. Inawezekana. Ila si kwa njia ya kawaida.

Jumatano, 6 Machi

Somo la leo: ukimya unaua. Mdogo akiona hatari, aseme. Asiposikilizwa, aseme tena. Asiposikilizwa mara ya pili, achukue usukani. Nikaandika pembeni: uasi.

Lakini sikio langu lilinasa jambo. Kapteni hupata alama nyingi pale anapoonywa naye akapokea onyo kwa shukrani. Basi kinachotakiwa ni onyo! Na onyo linaweza kuandaliwa, kama shughuli nyingine yoyote.

Nikamfuata rubani msaidizi nitakayefanya naye mtihani, binti tunayemwita Mshale kwa jinsi asivyobandua macho kwenye vipimo. Nikambana karibu na mtungi wa maji. Nikampanga: kesho, katikati ya safari, sema una wasiwasi na mafuta. Mafuta yatakuwa tele, mwenyewe nitayahesabu. Mimi nitakushukuru kwa sauti ya asali, tutatua, tutakula maksi. Akaanza, lakini Kapteni, na kama... Nikamkata. Hakuna kama. Akanyamaza. Kimya ni kukubali. Tumeelewana.

Nyumbani nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Asante kwa mchango wako, mwenzangu." Mama watoto kasema sauti hiyo hajaisikia tangu harusi. Akaongeza kuwa breki ya mkono ya gari imelegea, linarudi nyuma kila nikiliegesha. Nikamshukuru kwa sauti ileile. Ikatoka safi kabisa!

Alhamisi, 7 Machi

Siandiki kwa hasira. Naandika ili ukweli uwepo mahali.

Tulipaa vizuri ndani ya ndege bandia. Katikati ya safari Mshale akasema, Kapteni, nina wasiwasi na mafuta. Barabara! Nikageuka taratibu, nikatabasamu, nikamshukuru kwa mchango wake. Hata mimi nilisisimka.

Baada ya muda akarudia: Kapteni, mafuta yanavuja kweli, tangi la kushoto linakwisha. Nikashangaa, binti huyu kumbe ni msanii! Hata sauti inamtetemeka. Nikamshukuru tena, kwa asali zaidi. Kisha nikamnong'oneza kwamba inatosha, bibie, usitie chumvi, maksi tumeshazipata.

Akapiga kelele, "Nachukua usukani!" Akauchukua! Akageuza pua, akaomba njia kwa waongoza ndege, akatua uwanja wa karibu huku injini ya kushoto imekufa.

Mlango ulipofunguliwa, darasa zima lilikuwa limekaa mbele ya skrini. Vipaza sauti tulivyovaa, kumbe, vilirusha kila kitu. Mpaka mnong'ono.

Ijumaa, 8 Machi

Mimi: kumi na tisa. Mshale: tisini na nane. Mkufunzi kakiri mbele ya watu kwamba hajawahi kusikia kapteni akishukuru vizuri vile. Tatizo, kasema, ni kwamba nilishukuru bila kusikia. Kumbe uvujaji ule aliutega mkufunzi mwenyewe. Sasa nani katika chumba kile alikuwa mdanganyifu? Mimi, au mtu anayetoboa tangi la wenzake?

Nikamkabili Mshale kuhusu makubaliano yetu. Akasema, shikamoo Kapteni, mimi sikukubali, nilinyamaza tu. Umeona? Na huyu ndiye bingwa wa mawasiliano!

Kiti kwenye ndege mpya kimekwenda kwa Kapteni Manukato. Mshale atakaa kando yake, avute marashi. Mimi nitarudia mafunzo mwezi ujao.

Jumapili, 10 Machi

Nimechunguza kilichoharibika. Kosa langu ni moja tu: nilichagua mafuta. Mafuta ni jambo zito, linaweza kutokea kweli. Safari ijayo msaidizi aonye kuhusu taa ya chooni. Nani ataharibu taa ya chooni? Hesabu imekaa sawa: shukrani mia, mnara nitawaachia wengine washike gundi, kiti changu.

Mama watoto kapita, kasema gari linaanza kuserereka, baba. Nikamshukuru kwa mchango wake. Karudi, kasema gari linakwenda, we baba! Nikamshukuru tena, nikamwomba asinikatize hesabu.

Kakwapua funguo mezani, katoka mbio bila ruhusa. Uasi umeshaingia hadi sebuleni! Dirishani namwona ameshaketi kwenye usukani, na gari limesimama kiganja kimoja kutoka ukuta wa jirani.

Kiganja kizima! Watu wana haraka. Nafasi ya kumshukuru mara ya tatu ilikuwepo.