Kuhusu Majibu Yangu na ya Rumaisa Kulingana Bila Kuzungumza

Kwa Mzee Abdulrauf,
Dukani, Mtaa wa Biashara.
Alhamisi

Mzee wangu, assalamu alaikum. Mimi ni Ridhaa, karani wa ofisi iliyo juu ya duka lako, yule aliyekuja kumposa binti yako Rumaisa. Naandika kwa sababu nikikuona ana kwa ana hukusalimu tu nikapita.

Nasikia kesho baada ya swala ya Ijumaa utanikataa. Kosa langu ni kwamba mlituhoji mbalimbali, mimi hapa mjini, Rumaisa nyumbani mtaa wa Jamhuri, na majibu yetu yakalingana. Dada yako Bi Kijakazi akasema, "Hawa wanaongea kwa siri! Huyu mtoto wa watu ana simu mbili." Kwa heshima, nalalamika.

1. Nilisomea fizikia chuo kikuu kabla ya kuishia kwenye ukarani. Chembe mbili zikikutana zikafungamana, kisha zikatenganishwa, ukizipima moja hapa na nyingine kule, majibu hulingana kupita bahati. Hakuna simu inayopigwa. Mimi na Rumaisa tulikutana mara moja tu, arusini, mbele ya watu. Kwa nini chembe ziaminiwe, nami nishukiwe?

2. Mnadai tulipatana mapema. Wataalamu nao walizidhania chembe hivyo, wakawa wanabadilisha maswali dakika ya mwisho, wakakuta mapatano ya mapema hayatoshi kueleza. Bi Kijakazi naye aliokota maswali kwenye kopo la halua. Nani angejiandaa kuulizwa jiko lipakwe rangi gani? Nilisema zambarau. Rumaisa akasema zambarau. Hata siipendi zambarau.

3. Ulinganifu huu haubebi ujumbe. Peke yangu sikujua mwenzangu kaulizwa nini wala kajibu nini, na majibu yangu yalionekana ya mtu mwenye homa. Ajabu ilitokea pale tu Bi Kijakazi alipoyaweka yote pamoja mezani. Basi mwenye kuleta balaa ni yeye.

4. Mmemhamishia Rumaisa mtaa wa Kabiria kwa mama yake mdogo. Umbali haupunguzi kitu. Hata mkimpeleka Lamu, mtaongeza nauli tu.

5. Kuhusu yule mkandarasi wa Mombasa mnayemtaka: chembe iliyofungamana kikamilifu na mwenzake haiwezi kufungamana na ya tatu. Kumwoza huko si kunivunja moyo tu, ni kuvunja kanuni za maumbile, na sidhani ungependa jambo hilo lisemwe msikitini.

Naomba basi unikubalie. Usiponikubalia, nitaendelea kupanda ngazi zako kila asubuhi nikitetemeka, na wateja wataanza kuuliza.

Nisalimie Mama Rumaisa, mama mdogo wa Kabiria, na Bi Kijakazi pia, ghadhabu ikimpoa.

Mwanao kwa adabu na kwa hofu,
Ridhaa Shee

Nusura nisahau: Rumaisa anasema leo umefunga sunna, na ukiwa na njaa unakataa kila jambo. Tafadhali usiisome barua hii mpaka ufuturu.